Kinasa Vipindi cha Nyumbani na Kiswahili Kinachopotelea Hewani

Ifikapo saa moja usiku, sebule nyingi za Kenya hujaa Kiswahili. Kwa miaka mingi vituo vikubwa vya runinga nchini vimeiweka taarifa ya habari ya Kiswahili katika saa hiyo, na ile ya Kiingereza saa tatu. Matokeo yake ni kwamba wasomaji wa habari kadhaa husema kwa wakati mmoja, kila mmoja na msamiati wake, kila mmoja na namna yake ya kufasiri waraka uleule wa serikali ulioandikwa kwa Kiingereza. Mtazamaji humchagua mmoja. Wengine humwaga maneno yao hewani, na baada ya nusu saa maneno hayo hayapo tena. Mwanafunzi wa isimu anayetaka kujua ni nani aliyetangulia kulitumia neno fulani, na ni nani aliyeliiga, hana pa kuuliza ila kwa watu wenye kumbukumbu nzuri. Na kumbukumbu ya mwanadamu, hata iwe nzuri vipi, haihifadhi kiimbo.

La kushangaza ni kwamba dawa ya upungufu huu imo sebuleni humo humo. Ving'amuzi vingi vilivyonunuliwa nchini tangu runinga ihamie kwenye mfumo wa dijitali mwaka 2015 vina tundu la kuchomekea flashi, na rimoti zake zina kitufe chekundu ambacho katika nyumba nyingi hakijawahi kubonyezwa. Ving'amuzi vya bei ya juu vya runinga ya kulipia huja na diski yao ndani. Chombo hicho, kiwe king'amuzi chenye flashi au kisanduku chenye diski, ndicho kinachoitwa hapa kinasa vipindi. Jina hili halina ugeni. Kiswahili kilikwisha kukikubali kinasasauti zamani, na kitenzi kunasa ni cha mtegoni. Ila mtego huhitaji mtu wa kuutega jioni na wa kwenda kuutazama alfajiri, ilhali vinasa vya nyumba nyingi vimelala kama mitego iliyosahauliwa kichakani.

Wanaokitumia kifaa hiki hukitumia aghalabu kwa mambo mawili: mechi ya kandanda inayochezwa usiku wa manane, na tamthilia ya mfululizo ya mtu anayefanya kazi zamu ya jioni. Hakuna ubaya. Lakini kwa mwanafunzi au mhadhiri wa Kiswahili, kuishia hapo ni sawa na kununua jembe kisha kuliegemeza mlangoni ili usijifunge. Kinasa vipindi ni chombo cha utafiti wa nyanjani, tena chepesi na rahisi kuliko vingi alivyowahi kupewa mwanaisimu, na idara pamoja na vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinaiacha kila jioni data ipite ambayo haitarudi.

Ni kweli kwamba kifaa chenyewe hakikubuniwa kwa ajili ya watafiti. Kilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1999, kwa majina ya TiVo na ReplayTV, kilinadiwa kuwa mkombozi wa mtazamaji asiyetaka kutumwa na saa. Kabla yake palikuwa na mikanda ya video, ambayo ilihitaji mtu awe na mkanda mtupu, ajue kuitega saa ya mashine, na akumbuke kuurudisha mkanda mwanzo. Kinasa cha dijitali kiliyaondoa yote hayo. Picha na sauti ziliandikwa diskini bila kukoma, hata pasipo mtu kuamuru, na nusu saa ya mwisho ya kituo kilichokuwa kikitazamwa ilikaa tayari, ya zamani ikifutwa kuipisha mpya. Ndiyo maana mtazamaji aliweza kuyasimamisha matangazo ya moja kwa moja, akaenda kupakua chakula, akarudi na kuendelea alipoachia. Biashara hiyo imepanda na kushuka. Mwaka 2025 TiVo iliacha kuuza vinasa vyake, kwa kuwa watazamaji wa huko wamehamia kwenye vipindi vinavyoletwa kwa mtandao. Huku Afrika Mashariki, ambako kifurushi cha data hununuliwa kwa kupimwa na mawimbi ya runinga huingia nyumbani bure, kinasa hakijaishiwa na kazi.

Haki ya kurekodi nyumbani nayo ilipiganiwa kabla ya TiVo kuzaliwa. Kampuni za filamu za Universal na Walt Disney ziliishtaki Sony mwaka 1976 kwa sababu ya mashine yake ya Betamax, zikidai kuwa kila mtu anayerekodi kipindi nyumbani ni mwizi na Sony ndiye mtoa panga. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwezi wa Januari mwaka 1984 iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba kurekodi kipindi cha runinga ili kukitazama baadaye ni matumizi halali. Miongoni mwa ushahidi uliozingatiwa ulikuwa wa Fred Rogers, mtangazaji wa kipindi mashuhuri cha watoto, aliyeeleza kwamba hakuona kosa familia kurekodi kipindi chake na kukitazama kwa wakati unaowafaa. Jaji mmoja tu angalibadili kauli, huenda historia ya sebule za dunia ingalikuwa nyingine.

Hata hivyo, kinachostahili kuwagusa wapenzi wa Kiswahili ni kile ambacho watu wachache walifanya kwa vyombo hivyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Marion Stokes wa jiji la Philadelphia. Mwanamke huyu Mmarekani mweusi, aliyewahi kuwa mkutubi na mwanaharakati, alianza kurekodi taarifa za habari za runinga mwishoni mwa miaka ya 1970 na hakuacha hadi siku aliyofariki, Desemba 2012. Alikuwa na mashine kadhaa zilizofanya kazi kwa pamoja usiku na mchana, kila moja na kituo chake. Kwa kuwa mkanda ulidumu saa chache tu, safari za familia zilipangwa kwa kufuata saa ya kubadilisha mikanda. Watu wa karibu walimwona kama aliyepagawa. Alipokufa aliacha mikanda ipatayo 70,000, ambayo mwanawe aliikabidhi kwa maktaba ya dijitali ya Internet Archive, na mwaka 2019 ilitolewa filamu ya kumbukumbu juu ya maisha yake. Stokes hakusubiri vituo vivihifadhi vipindi vyao. Alijua kwamba kituo huhifadhi kile kinachokifaa, na kwamba swali la mtafiti wa miaka hamsini ijayo haliwezi kukisiwa na meneja wa leo.

Na meneja hukosea kweli. Shirika la BBC, katika miaka ya 1960 na 1970, lilifuta au kutupa vipindi vingi vyake, maana mikanda ilikuwa ghali na nafasi haba, na hakuna aliyedhani kwamba mtu angevitaka tena. Tamthilia ya Doctor Who pekee ilipoteza vipindi zaidi ya mia moja kwa njia hiyo. Sauti za vipindi vyote vilivyopotea zingalipo, na zipo kwa sababu moja: watoto na vijana waliokuwa wakiipenda tamthilia hiyo walikuwa wameweka vinasasauti mbele ya runinga za nyumbani kwao. Mwaka 2013 vipindi tisa kati ya vilivyopotea vilitangazwa kuwa vimepatikana katika kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. Filamu zilizotupwa London zilikuwa zimesalia kwenye rafu ya Afrika. Kuna jambo la kuchekesha humo, na la kufunza pia, kwa wale wanaodhani kwamba hifadhi ni kazi ya nchi tajiri.

Wanafunzi wa ushairi hawahitaji kwenda Philadelphia wala Jos ili kulielewa jambo hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu na mwaka 1840. Beti zake zilikuwa vinywani mwa watu, na vinywa hivyo vilikuwa vikifa kimoja baada ya kingine. Miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua alizikusanya kutoka katika kumbukumbu yake na za wazee wengine, akafanya kazi na mmishonari W. E. Taylor aliyeziandika na kuzitolea maelezo, hata mwaka 1940 William Hichens akazichapisha katika Diwani ya Muyaka. Kila muhula mihadhara hutolewa juu ya tungo ambazo zisingalikuwepo lau si ukaidi wa mwalimu mmoja wa mjini. Ni tungo ngapi zilizomponyoka Sikujua, hakuna ajuaye. Naye hakuwa na kitufe chekundu.

Atatokea wa kusema kwamba hoja hii imepitwa na wakati, kwamba siku hizi vituo vyenyewe huviweka vipindi vyao kwenye mtandao wa YouTube, na anayetaka Kiswahili cha runinga akitafute huko. Hoja hiyo ina uzito kiasi, na haifai kudharauliwa. Mtandao umewafaa sana watafiti wasio na pesa za kusafiri. Lakini kuna mambo matatu ambayo mtetezi wake huyasahau. Kinachowekwa mtandaoni kimechaguliwa: habari iliyozua gumzo hukatwa kipande na kupandishwa, ilhali habari ya bei ya mahindi huko Kitale, ambayo ndiyo yenye msamiati wa kilimo anaouhitaji mtafiti, huachwa. Kisha kilichowekwa huweza kuondolewa na mwenyewe wakati wowote, bila kumjulisha aliyekitaja katika tasnifu yake. Msahihishaji wa nje akibonyeza kiungo hukuta giza. Jambo la tatu ni kwamba katika kukata, kituo hutupa hasa yale ambayo isimujamii inayatafuta. Matangazo ya biashara huondolewa. Maneno ya mpito baina ya mtangazaji na mwenzake wa michezo huondolewa. Kosa la ulimi, na namna lilivyosahihishwa kwa kicheko, ndilo la kwanza kufutwa.

Wala makusanyo makubwa ya data ya Kiswahili yaliyopo hayalizibi pengo hilo. Mkusanyo wa Helsinki, ambao toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25, umejengwa juu ya maandishi, mengi yakiwa ya magazeti na vitabu. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti, ila sauti za watu wanaosoma sentensi walizopewa. Mtu anayesoma sentensi hasemi kama anayegombana na mgeni wake studioni. Kiswahili cha Kenya kinachozungumzwa papo kwa papo, chenye kuchanganya ndimi, chenye kukatizana na kudakiana maneno, kimerekodiwa kidogo mno kikilinganishwa na kiasi kinachorushwa hewani kila siku.

Hebu yafikiriwe yaliyomo katika matangazo hayo. Mijadala ya Bunge ilianza kurushwa moja kwa moja mwaka 2008, na Katiba ya mwaka 2010 ikaitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hansard huihifadhi hoja ya mbunge. Haihifadhi pale alipoanza kwa Kiswahili sanifu, akakwama kwenye istilahi ya bajeti, akarukia Kiingereza, kisha akaomba radhi kwa Spika kwa kuwa kanuni zinamtaka amalize kwa lugha aliyoanza nayo. Kwa mtafiti wa kuchanganya ndimi, kukwama huko ndiko dhahabu. Au fasiri: mwaka 2011 shirika la TBC la Tanzania lilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na tangu hapo tamthilia za kigeni zinazosema Kiswahili zimekuwa za kawaida katika ving'amuzi vya kanda hii. Je, mfasiri huufanyaje utani wa Beijing ueleweke Buguruni? Anayetaka kulijibu swali hilo hana budi awe na sehemu za tamthilia mkononi, azirudishe nyuma mara kumi, azisimamishe mdomo ukiwa wazi. Diski inamwezesha. Kumbukumbu ya kusimuliwa haimwezeshi.

Kisha kuna vichekesho, ambavyo wasomi huvionea haya bila sababu. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana na taifa zima kama Mzee Ojwang' wa Vitimbi. Alikuwa Mkikuyu aliyeigiza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, tena kwa miongo. Humo mna somo zima la fonolojia: ni sauti zipi za Kiswahili ambazo mwigizaji alizibadilisha ili hadhira imtambue Mjaluo, na zipi aliziacha ingawa Mjaluo halisi angezibadilisha? Lafudhi ya kuigiza huonyesha kile ambacho jamii inadhani inakisikia, jambo ambalo ni tofauti na kile kinachosemwa. Vipande vilivyosalia vya vipindi hivyo vinatazamwa hadi leo, lakini uchanganuzi wa aina hiyo hauhitaji vipande vilivyochaguliwa kwa sababu vinachekesha sana. Unahitaji mfululizo wa miaka, mbaya na mzuri.

Basi kinasa kitumiweje ili kitoe faida hiyo? La kwanza ni kuacha kurekodi kwa kupenda. Anayerekodi kipindi anachokipenda hupata picha ya mapenzi yake. Njia iliyo bora ni kuteua taarifa moja ya habari na kuirekodi kila siku ya nane kwa mwaka mzima. Siku ya nane ina hekima yake: ikianza Jumatatu, zamu inayofuata ni Jumanne, kisha Jumatano, hivyo siku zote za wiki huguswa kwa usawa, na wasomaji wa habari wa wikendi hawasahauliki. Kwa mwaka zamu hizo ni 46. Kila zamu ikipewa dakika 50, mkusanyo mzima ni saa 38 na dakika chache. Kituo kinachotumia megabiti mbili kwa sekunde hula takriban megabaiti 900 kwa saa. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kituo kimoja hauzidi gigabaiti 35, na vituo vinne havifiki 140. Diski ya kawaida ya tarakilishi, ya gigabaiti 500, huimeza miaka mitatu ya vituo vinne na kubakiza nafasi. Hesabu hii imewekwa hapa makusudi, kwa sababu kisingizio kinachosikika sana ni ukosefu wa uwezo.

Dakika 50 kwa taarifa ya nusu saa zina sababu. Vipindi vya runinga haviheshimu ratiba yao. Hotuba ya kiongozi ikirefuka, taarifa husogea, na kinasa kilichotegwa kwa saa kamili hukata mwanzo au mwisho. Kitegwe dakika tano kabla, na kiachwe dakika kumi na tano baada ya wakati uliotangazwa. Matangazo ya biashara yatakayoingia humo yasifutwe. Yatakuja kumfaa anayetafiti rejista ya biashara, naye hajazaliwa bado.

Pana suala la ufunguo, ambalo limewaumiza wengi. Visanduku vya runinga ya kulipia aghalabu huhifadhi vipindi vikiwa vimesimbwa, visiweze kufunguka ila ndani ya kisanduku hicho hicho. Kisanduku kikiharibika, hazina yote hugeuka kelele. King'amuzi cha vituo vya bure mara nyingi huacha faili iliyo wazi inayosomeka kwenye tarakilishi yoyote, na kwa sababu hiyo kinyonge huyu anayeuzwa bei nafuu humfaa mtafiti kuliko tajiri wake. Kabla ya kuanza mradi wa mwaka, kirekodiwe kipindi cha dakika tano, flashi ipelekwe kwenye tarakilishi, ionekane kama inafunguka. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo usiokubali faili inayozidi gigabaiti nne, kwa hivyo kipindi kirefu chenye picha za ubora wa juu hukatwa vipande. Asishtuke anayekuta mjadala mmoja umekuwa faili tatu.

Vituo vinavyosema kwa wakati mmoja, vile vya saa moja usiku, vina dawa yake pia. Katika runinga ya dijitali vituo kadhaa husafiri pamoja katika mawimbi ya masafa mamoja. Mwaka 2015, baada ya mvutano wa mahakamani na majuma karibu matatu ya skrini nyeusi, Royal Media Services, Nation Media Group na Standard Group zilirudi hewani kwa kutumia kampuni yao moja ya usambazaji. Pale ambapo Citizen, NTV na KTN zinapokewa kwa masafa mamoja, kipokezi kimoja kidogo kinachochomekwa kwenye tarakilishi, kikisaidiwa na programu ifaayo, huweza kuzinasa zote tatu kwa mpigo. Mwanafunzi wa Kiswahili akimwendea jirani yake wa idara ya uhandisi, kazi ya kuiweka mitambo hiyo ni ya alasiri moja.

Yaliyobaki ni kazi ya karani, na hapo ndipo miradi hufia. Kinasa hukipa kila kipindi jina la tarakimu zisizo na maana. Jina hilo libadilishwe siku iyo hiyo: mwaka, mwezi, siku, kituo, kipindi. Pawepo na daftari linaloeleza kila faili ina nini, nani alisoma, nani alihojiwa, na dakika zenye jambo: dakika ya 14, mtangazaji asema tarakilishi, mgeni wake amjibu kwa kompyuta, mtangazaji naye ahamia kompyuta hadi mwisho. Mstari mmoja kama huo, ukiandikwa kwa miaka mitatu, ni nusu ya tasnifu ya uzamili juu ya hatima ya istilahi zilizoundwa na wasomi. Visanduku vyenye diski vina tabia nyingine ya kuchungwa: nafasi ikijaa, baadhi hufuta kilicho cha zamani zaidi bila kuuliza. Mpangilio huo huweza kubadilishwa, ila lililo la hakika ni kuhamisha kila wiki. Na stima ikipotea katikati ya kurekodi, faili huenda isifunguke. Palipo na betri ya akiba pawe na king'amuzi.

Sheria haikatazi kazi hii ikifanywa kwa adabu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti, matumizi ya kibinafsi na uhakiki, chanzo kikitajwa. Kurekodi ili kuchanganua ni jambo moja. Kukipandisha kipindi cha mtu mtandaoni ni jambo lingine, na chama kinachofanya hilo la pili kitapoteza haki ya kufanya la kwanza. Liko pia suala ambalo sheria hailigusi vizuri. Katika taarifa za habari wamo watu waliofiwa, waliofukuzwa mashambani, waliohojiwa wakilia. Walikubali, pengine, kusikika siku ile. Hawakukubali kuchezwa mbele ya darasa la mwaka wa kwanza ili wanafunzi wahesabu makosa yao ya upatanisho wa kisarufi. Mhadhiri mwenye busara atayaficha majina na kuyachagua ya kuonyeshwa.

Swali gumu la mwisho si la mitambo. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu hubadilisha viongozi kila mwaka, na mara nyingi mali ya chama huishi chumbani mwa katibu, chini ya kitanda cha bweni, hadi katibu ahitimu aende zake na funguo. Diski iliyotunzwa hivyo haiwezi kufika mwaka wa tatu. Zinahitajika nakala mbili: moja katika maktaba ya idara, imeandikishwa kwenye daftari la maktaba kama kitabu chochote kile, na nyingine kwa mlezi wa chama. Kiapo cha katibu mpya kiwe na kipengele cha kuzifungua diski zote mbili mbele ya mtangulizi wake na kusikiliza dakika moja kutoka kila moja. Wanachama wagawane zamu 46 za mwaka kwa majina, na orodha hiyo ibandikwe ubaoni kando ya ratiba ya mitihani. Anayelala nje ya chuo kwenye nyumba yenye king'amuzi ndiye aanze, maana runinga ya ukumbi wa bweni, kama ijulikanavyo, saa moja usiku huwa ina mechi.